Afisa Anapobisha Hodi: Kuitayarisha Nyumba na Watu Wake Kabla ya Kumpokea Mtoto

BI MWANAKOMBO: Assalamu alaikum, wasikilizaji wetu, na karibuni katika kipindi. Mimi ni Mwanakombo, nazungumza nanyi kutoka Langoni, Lamu, na mwenzangu ni ndugu Kazungu, fundi seremala wa Barani, Malindi. Leo tunazungumzia siku ambayo watu wengi huiogopa kuliko hata siku ya kusimama mbele ya jaji, nayo ni siku ambayo afisa wa ustawi wa jamii anabisha hodi ili aone kama nyumba yako inafaa kukabidhiwa mtoto.

KAZUNGU: Nawasalimu wote, nawe pia Bi Mwanakombo. Ni vizuri msikilizaji ajue tangu mwanzo kwamba tulipita njia mbili tofauti. Mimi na mke wangu tuliasili mtoto kwa amri ya Mahakama Kuu, na kwa amri hiyo mtoto amekuwa wetu kana kwamba tumemzaa, pamoja na haki yake ya kurithi. Wewe ulimpokea mtoto wako kwa kafala, yaani malezi ya mtoto wa mwingine kwa taratibu za Kiislamu, ambayo Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitambua kwa jina lake.

BI MWANAKOMBO: Ndivyo. Katika kafala mtoto hubaki na nasaba yake, hapewi jina la ukoo wetu wala hana fungu katika mirathi, kwa sababu Qurani, katika sura ya 33, aya ya 5, imeagiza watoto waitwe kwa baba zao. Wako wanaosikia hivyo wakadhani kwamba haya ni malezi ya upungufu, na mimi siwakubalii hata kidogo. Mlezi ana ruhusa ya kumwandikia mtoto wasia usiozidi theluthi moja ya mali, na anaweza kumpa hiba, yaani zawadi ya mali, angali hai. Mimi wasia wangu niliuandika kabla afisa hajafika, naye aliponiuliza mtoto atabaki na nini baada yangu, nilimwonyesha karatasi.

KAZUNGU: Upande wetu masharti yako wazi, nami nitayapitia haraka. Mwombaji, au mmojawapo wa wanandoa wanaoomba pamoja, awe na umri wa miaka 25 au zaidi na awe hajatimiza 65, na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21, ingawa jamaa wa damu wana nafuu yao. Mtoto awe ametimiza wiki sita. Kabla ya ombi kufikishwa mahakamani, mtoto awe amekaa mikononi mwa mwombaji kwa miezi mitatu mfululizo, na wote wawili wawe wamefanyiwa tathmini. Vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, ripoti ya daktari, cheti cha tabia njema na barua za wanaokufahamu, hivyo ni vya kufuatilia mapema tu, kwa kuwa ofisi hazikimbizwi. Kuna jambo moja ambalo naomba lisichukuliwe kwa wepesi: kumlipa mtu yeyote ili akupatie mtoto ni kosa la jinai, hata pesa hizo zikiitwa shukrani.

BI MWANAKOMBO: Sasa tuingie nyumbani. Nyumba yetu ni ya kale, ya mawe, yenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, mbele, ngazi zilizosimama wima, na birika la maji chooni lenye vijisamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, kama walivyotuachia wazee. Mimi nilizaliwa humo, kwa hiyo macho yangu yalikuwa yamezoea, na katika maandalizi yangu yote nilikuwa nimewaza chokaa ya ukutani na shuka mpya. Siku mbili kabla ya afisa kuja, shoga yangu alinitembelea na mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu, na kabla hatujamaliza kahawa mtoto alikuwa amekwisha kufika ukingoni mwa birika. Hapo ndipo nilipoketi sakafuni, nikaitazama nyumba yangu kwa urefu wa mtoto, na nikaona hatari ambazo kwa miaka hamsini sikuwa nimeziona.

KAZUNGU: Ukanipigia simu.

BI MWANAKOMBO: Nikakupigia, ukanieleza namna ya kifuniko cha mbao chenye bawaba na komeo la juu, na fundi wa hapa akakichonga. Tukaweka kijilango penye ngazi ya kwanza na kingine penye ngazi ya kupandia darini, yaani juu ya paa la nyumba, kwa sababu jiko letu liko juu, na ukuta wa dari hauzidi kiuno cha mtu mzima. Mafuta ya taa na dawa ya kufulia tulivipandisha rafu ya juu. Chandarua tulikifunga kabla kitanda hakijapata wa kukilalia. Afisa alipokuja, alikiinua kifuniko cha birika kwa mkono wake, akakirudisha, akajaribu komeo, na hakusema neno.

KAZUNGU: Hapo wasikilizaji wachukue kipimo kizuri. Kila unachokitengeneza, jiulize kama kitabaki baada ya afisa kuondoka. Kifuniko kitabaki. Seti ya makochi uliyoazima kwa jirani itarudi kwa mwenyewe jioni ileile, na ikiwa afisa atarejea bila taarifa, jambo ambalo linaweza kutokea, atakuta umemdanganya katika kitu ambacho hata hakukuuliza. Chumba kimoja kisafi chenye mkeka na kitanda cha mtoto kinatosha, mradi kila mmoja nyumbani ajue mtoto atalala wapi.

BI MWANAKOMBO: Swali la mahali pa kulala kwetu lina kina chake. Afisa aliniuliza mtoto atalala wapi sasa, kisha akaniuliza atalala wapi akifika miaka 12, akijua kwamba nina watoto wa kiume na huyu ni wa kike. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mtoto aliyenyonyeshwa mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili huwa maharimu, yaani mtu wasiyeweza kuoana naye, kwa jamaa wa aliyemnyonyesha, na binti yangu mkubwa, ambaye alikuwa na mtoto mchanga wakati huo, alikuwa tayari kumnyonyesha. Mambo hayo tulikuwa tumeyazungumza na kuyaamua, nikamjibu. Naamini kwamba familia ya Kiislamu ambayo haijalizungumza jambo hili haijawa tayari, hata nyumba yake ikiwa na vyumba kumi.

KAZUNGU: Nami nizungumzie yaliyotupata sisi, ingawa ni mazito. Mke wangu alipoteza mimba mbili, ya pili ikiwa na miezi saba. Tulipohojiwa pamoja tulijibu vizuri, lakini afisa akaomba kuzungumza na kila mmoja peke yake. Mimi nikasema kwamba msiba ule tulikwisha kuuzika. Mke wangu alipoulizwa swali hilohilo, alilia kwa muda mrefu, akasema kwamba nguo za yule mtoto bado anazo, na kwamba mimi sijawahi kumruhusu alitaje jina alilokuwa amemchagulia. Afisa alifunga daftari lake, akatuambia turudi baada ya miezi minne.

BI MWANAKOMBO: Ulikasirika, nakumbuka.

KAZUNGU: Nilikasirika sana, nikaona kwamba tunaadhibiwa kwa kufiwa. Usiku ule mke wangu aliniuliza kama ninataka mtoto au ninataka yeye anyamaze. Tulianza kuzungumza kutoka pale, tukaenda kwa mchungaji, tukakaa pia na wazazi wangu, nikamtaja mtoto wetu kwa jina kwa mara ya kwanza. Leo ningekuwa mimi ndiye afisa, ningefanya vilevile. Mtoto anayekuja hawezi kupewa kazi ya kuziba pengo la mwingine, kwa kuwa yeye mwenyewe anakuja na msiba wake wa kutengwa na aliyemzaa. Kwa hiyo ninawasihi wanandoa waulizane maswali mapema: kwa nini tunataka mtoto, tulipoteza nini, nani kati yetu anasitasita. Yule anayesitasita apewe nafasi ya kusema.

BI MWANAKOMBO: Na wasijifunze majibu kama watoto wa madrasa wanaokariri, kwa sababu majibu yanayofanana neno kwa neno hujulikana. Afisa pia huongea na wote wanaoishi katika nyumba. Mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye, alimwita mtoto ajaye “mwana wa watu” mbele yangu wiki moja kabla ya ziara. Nilimwendea usiku, nikamshika miguu, nikamweleza kwamba neno lile mtoto atalisikia kabla hajajua maana yake, na siku atakayojua maana yake litakuwa limekwisha kumkaa moyoni. Yeye alinieleza hofu yake, kwamba mtaa utauliza mtoto ni wa nani. Tukakubaliana jibu moja, kwamba mtoto ni wa nyumba hii kwa malezi, na habari za asili yake ni zake mwenyewe, atazielezwa na sisi kidogo kidogo kadiri ya umri wake. Afisa alipomuuliza, mavyaa alijibu hivyo bila kutazama upande wangu.

KAZUNGU: Suala la kipato linawatisha wengi wasio na hati ya mshahara, wakiwemo mafundi na wavuvi. Mimi nilipeleka daftari langu la kazi la mwaka mzima pamoja na taarifa ya M-Pesa. Mvuvi akumbuke kwamba wakati wa kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, bahari huchafuka na kipato hushuka, na ni bora aseme hivyo, kisha aeleze familia hula nini miezi hiyo, deni analolipa ni kiasi gani, na ada ya shule ilitoka wapi mwaka jana. Afisa aliyekulia Pwani anajua kusi ni nini. Ukimwambia kwamba unapata sawasawa mwaka mzima, ataacha kuyaamini hata mengine uliyomweleza.

BI MWANAKOMBO: Na swali la mwisho ambalo nililipata, ambalo wengi hulijibu kwa kusema Mungu atajua, ni nani atakayemlea mtoto ukifa.

KAZUNGU: Hilo hata mahakamani linaulizwa, na jaji anapotoa amri ya kuasili, humteua pia mlezi wa kisheria wa kumchukua mtoto likitokea la kutokea. Sisi tulimtaja mdogo wangu, na tulikosea kwa kuwa tulimtaja kabla ya kumwomba. Afisa alimpigia simu siku ileile, naye akashangaa.

BI MWANAKOMBO: Mimi nilimtaja dada yangu wa Pate. Nilivuka kwa mashua kwenda kumwomba ana kwa ana, na shemeji yangu akiwepo, maana mtoto angeingia katika nyumba ya wote wawili. Waliomba siku tatu za kufikiri. Siku ya tatu shemeji yangu ndiye aliyepiga simu, akauliza mtoto anavaa saizi gani, na nambari yake nikamwandikia afisa.