Huyu, huyo na yule wa milima ya Rhodope

Habari zenu huko nyumbani. Leo nipo Smolyan, kwenye milima ya Rhodope, kusini mwa Bulgaria, pua na mdomo na Ugiriki. Mmekuwa mkiniuliza kama Kibulgaria ni kigumu. Leo nawaletea kipande chake ambacho Mswahili anakielewa haraka kuliko mtu wa Sofia, mji mkuu.

Kibulgaria cha darasani hubandika kiambishi mwishoni mwa neno kuonyesha kwamba kitu kinajulikana. Zhena ni mwanamke. Zhenata ni mwanamke tuliyekwisha kumtaja au tunayemjua. Basi, darasani inaishia hapo. Huku Smolyan viambishi ni vitatu! Zhenasa ni mwanamke huyu, aliye karibu na mimi ninayesema. Zhenata ni huyo, aliye upande wako wewe unayenisikiliza. Zhenana ni yule, kule. Mtoto ni dete, kwa hiyo utasikia deteso, deteto, deteno. Nikishika kitabu mimi nasema knigasa, nikikukabidhi kinakuwa knigata, ukikiacha kule kwenye meza ya mbali ni knigana. S kwangu, T kwako, N kule.

Sisi tunahitaji neno zima kueleza hivyo, wao wanatumia konsonanti moja tu, na mzee akiongea haraka usipotega sikio imeshakupita. Mimi naona huu ni ufundi mkubwa wa lugha. Kuna Wapomaki, Waislamu wa milima hii, na wale wa upande wa Ugiriki karibu na mji wa Xanthi wanaipeleka mbali zaidi: T inabeba hata mambo yaliyopita, na N yale yajayo. Umbali wa mahali umegeuka umbali wa wakati.

Sauti nazo zina yake. Irabu nne za Kislavoni cha kale, lugha ya zamani iliyozaa Kibulgaria, ambazo kwingine zilishika njia tofauti, hapa Smolyan zimekutana kwenye irabu moja, O pana, mdomo wazi. Jino, usingizi na siku: Sofia mawili ya kwanza yana irabu moja na siku ina nyingine, lakini hapa yote yana O hiyo. Halafu O isiyo na mkazo inageuka A: maji, voda, yanakuwa vada.

Kinachoniuma ni vijana. Niliozungumza nao wananiambia wakishuka Plovdiv au Sofia kusoma, S na N wanaziacha nyumbani, maana huko wanaonekana washamba. Ushamba gani huo? Hiyo ni sarufi kamili, tena yenye mpangilio kuliko ile ya vitabuni.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaojiandaa kuja kusoma huku, darasani mtafundishwa T peke yake, jifunzeni vizuri. Ila mkipanda huku milimani, mkiongea na bibi yeyote, kilicho mkononi mwenu kiiteni kwa S.