Kabla ya Kushuka, Aulizwe Mdogo

Ndugu zangu, wazazi mliofika, na nyinyi vijana ambao tayari mmekwisha kupanga safari ya kuteleza kwenye theluji wikendi hii: wengi wenu mmenisikia nikilisema jambo hili, na nitalisema tena, kwa kuwa kila majira ya baridi ninakutana na kundi jipya ambalo halijalisikia. Utamu wa theluji laini ambayo haijapitiwa na mtu sitaueleza. Aliyewahi kuteremka juu yake anaujua, na ndio unaotutoa kwenye viwanja vyenye walinzi na kutupeleka milima ya ndani, ambako hakuna anayelipua miteremko kwa baruti ili theluji mbovu iporomoke kabla hatujafika. Nitazungumzia marafiki wanaokwenda huko pamoja, na namna wanavyoamua kama mteremko unaoweza kuporomoka ushukwe au uachwe.

Jumapili ya tarehe 19 Februari 2012, watu 16 walikusanyika juu ya mteremko wa Tunnel Creek, nje ya mpaka wa uwanja wa Stevens Pass, katika milima ya Cascade, jimbo la Washington nchini Marekani. Hawakuwa wageni wa theluji. Miongoni mwao walikuwamo wanamichezo wa kulipwa, waandishi wa habari za mchezo huu, na wenyeji walioujua mteremko ule kwa miaka mingi. Theluji nyingi mpya ilikuwa imeanguka, na tahadhari ya maporomoko ilikuwa imetolewa. Walikuwa na vifaa, na walikubaliana kushuka kwa zamu. Hata hivyo bamba la theluji, yaani tabaka gumu lililolala juu ya tabaka dhaifu, lilikatika, likawazoa baadhi yao, na watu watatu wakafa. Mwanamke mmoja aliyezolewa pamoja nao alinusurika baada ya kuufungua mfuko wa hewa aliokuwa ameuvaa mgongoni, ule unaojaa ili mtu abaki juu ya theluji inayoporomoka.

Ninawaomba mtulie hapa, maana watu hupenda kukimbilia habari za vifaa. Baadaye baadhi ya walionusurika walieleza kwamba hata kabla ya kushuka walikuwa na wasiwasi: kundi lilikuwa kubwa mno kwa mteremko wa namna ile, siku ya namna ile. Lakini walipotazama kushoto na kulia waliona mabingwa, wakajiambia kwamba kama kuna hatari, hawa wangekwisha kuisema. Hakuna aliyesimama na kusema turudi. Ukimya wa kila mmoja ukawa, kwa mwenzake, ushahidi kwamba mteremko uko salama.

Hapo ndipo ninapopambana na malezi yetu. Tumelelewa kwamba mdogo hamkatizi mkubwa, mgeni hampingi mwenyeji, na wengi wape. Kwenye kikao cha harusi au msibani hiyo ni adabu njema, nami ninaifuata. Juu ya mteremko wenye theluji mpya, kanuni iwe kinyume chake. Mmoja akisema hapana, hata kama ndiye mdogo kuliko wote na hata kama hawezi kueleza kilichomtia shaka, safari ya mteremko huo imekwisha, na asitakiwe kutoa ushahidi. Wanaotaka kushuka ndio wenye wajibu wa kuonyesha kwamba pako salama. Tena aulizwe kwanza mdogo, na kiongozi aseme mwisho, kwa sababu kiongozi akishasema twende, mdogo atameza shaka yake na kuivaa miti yake ya kutelezea kama wenzake.

Mtu ataniambia: sisi tunakwenda na mjuzi. Mtafiti wa maporomoko ya theluji, Ian McCammon, alichambua ajali 715 za maporomoko zilizotokea Marekani kati ya mwaka 1972 na 2003, akaonyesha kwamba mara nyingi dalili za hatari zilikuwa wazi, na kwamba watu wengi walinaswa katika maeneo waliyoyafahamu. Kujua hakukuwatosha.

Mwingine ataniambia kwamba milima imeua tangu zamani. Ni kweli, katika milima hiyohiyo ya Cascade, mwaka 1910, poromoko liliwaua watu 96 ndani na kando ya treni zilizokwama katika kituo cha reli cha Wellington. Lakini wale walifuatwa na theluji kutoka juu yao. Siku hizi, katika ajali zinazowaua wanaokwenda milimani kwa burudani, takriban mara tisa kwa kumi anayelikata bamba ni marehemu mwenyewe au mtu wa kundi lake. Ajali inayotokana na uamuzi wetu tunaweza kuizuia kwa uamuzi wetu, na ninakataa kabisa kuiita ajali ya namna hiyo kudra na kuishia hapo.

Na yule anayesema haya si mambo yetu, awatazame watoto wetu wanaokulia Denver, Calgary na Oslo.

Muda umenibana, kwa hiyo mengine nitayataja tu. Mabamba mengi hukatika kwenye miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Pimeni, msikadirie kwa macho. Tabaka dhaifu linaweza kukaa wiki kadhaa chini ya theluji nzuri. Poromoko likishasimama, theluji yake huganda kama zege, na aliyefukiwa hawezi kujitoa. Takwimu za Uswisi zilizochapishwa mwaka 1994 zilionyesha kwamba waliofukuliwa ndani ya dakika 15 walipona zaidi ya asilimia 90, na kufikia dakika ya 35 waliokuwa hai walikuwa takriban asilimia 30. Helikopta haiwezi kuwahi. Atakayekufukua ni rafiki yako, kwa beleshi lake.

Kwa hiyo waliokuja na redio zao za kutafutana, zile zinazovaliwa mwilini na kutangaza ishara ili aliyefukiwa apatikane, wazitoe sasa. Tutakwenda uwanjani, mmoja atasimama mbele, na wengine watapita mbele yake mmoja mmoja hadi kila redio isikike. Ambaye yake haitangazi, betri ziko mezani hapa.