Mizani 16 Kutoka Mwaloni

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana mliosimama kule mlangoni sogeeni ndani jamani, nafasi ipo. Nimeombwa niongelee ushairi, kuutunga na kuufundisha, na mi hilo ndo jambo nililolipenda maisha yangu yote tangu nashika chaki mara ya kwanza mpaka nimestaafu, kwa hiyo nikichelewa kukaa mnivumilie.

Nianze na darasa moja. Ilikuwa mchana, joto la Mwanza mnalijua, nafundisha tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, kidato cha pili, nimejaza ubao mizani, yaani silabi za mstari, vina, ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili cha mstari, kibwagizo, na watoto wananakili tu vichwa chini. Kuna kijana alikuwa hasemi kabisa, kwao wanaongea Kisukuma na nahisi Kiswahili cha darasani kilikuwa kinamtisha. Nikaacha somo nikamuuliza taratibu, mama yako anafanya kazi gani? Akajibu bila kuinua kichwa, "Mama yangu anauza dagaa pale Mwaloni."

Mwaloni, lile soko letu la samaki hapa Mwanza. Hapo nikaweka chaki chini nikaanza kuhesabu kwa vidole mbele yao. Ma-ma-ya-ngu-a-na-u-za, 8. Da-ga-a-pa-le-mwa-lo-ni, 8. Jumla 16! Mshororo mzima wa tarbia, umekatika katikati panapotakiwa, na huyo mtoto wala hakuwa anatunga, alikuwa anajibu swali. Darasa zima likaanza kupiga makofi kwa silabi, wengine wakabisha kwamba dagaa ina mizani mbili, tukasema hapana, zile "a" mbili kila moja inahesabiwa, litamkeni msikie, da-ga-a. Nakwambia siku hiyo kengele ililia hakuna aliyetoka.

Mi mwenyewe sikufundishwa hivo. Nilisoma kwa mwalimu ambaye kwake shairi lilikuwa kitu cha kukata vipande, taja kina cha kati, taja kina cha mwisho, basi. Sikuwahi kulisikia shairi likighanwa darasani hata mara moja, na nilikuja kulipenda nyumbani, kwenye redio, jioni, sauti ya mtu anaghani polepole na bibi yangu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga anatikisa kichwa kufuata mapigo. Bibi hakujua ukwapi ni nini lakini sehemu ya kutulia alikuwa anaijua. Ndo maana napata uchungu sana nikisikia mtu anasema ushairi ni wa watu wa pwani, sisi wa bara hatuna huo mdomo. Jamani, mtu aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi kitabuni mwaka 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi, alizaliwa Ujiji, Kigoma, huko kwenye ziwa lingine! Na nendeni Bujora pale Kisesa wakati wa Bulabo, ile sherehe ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita, yale makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, wakishindana, msikilize manju, mtunzi anayeongoza ngoma, anavyompiga mwenzake mafumbo papo kwa papo huku ngoma inakwenda, alafu mje mniambie Msukuma hana ushairi. Mtoto anayekulia kwenye sauti kama zile anakuja shuleni ameshajaa, sisi walimu ndo tunamfunga mdomo kwa istilahi.

Na mi nimewahi kumfunga mtu mdomo, hilo naomba niliseme leo. Miaka yangu ya mwanzo kabisa binti mmoja aliniletea shairi kuhusu ziwa, mistari mifupi, mirefu, hamna kina hata kimoja, lilikuwa linakwenda na kurudi kama mawimbi yenyewe. Nikampa sifuri. Nikaandika kwa wino mwekundu "hili si shairi". Hakuniletea tena chochote. Miaka ikapita ndo nikaja kumsoma mshairi Euphrase Kezilahabi vizuri, siyo kumsoma kwa ajili ya mtihani, kumsoma kweli, na huyu ni mtu wetu kabisa, wa Namagondo, Ukerewe, hapo tu ng'ambo ya maji. Diwani yake ya Kichomi ilitoka 1974, ikaacha vina na mizani, washairi wakongwe wakakasirika na mabishano yakaenda miaka, lakini yeye alichotaka ni lugha ile watu wanayoongea kila siku iingie kwenye shairi. Nilipofika hapo nikafunga kitabu. Nikamkumbuka yule binti. Alikuwa amefanya kitu hichohicho kwenye daftari la mistari na mi sikuwa na masikio ya kumsikia.

Sasa msinielewe vibaya, mi vina navipenda mpaka kesho, natunga kwa vina na nafundisha kwa vina, sababu mtoto akitafuta neno la kufunga kina analazimika kupekua Kiswahili chote alichonacho, anakutana na maneno aliyoyasahau. Ila naanza na mdomo wake kwanza. Ubao unakuja baadaye.

Yule kijana wa Mwaloni nilimpa wiki moja amalizie ubeti. Akaja na hii, ninayo kwa moyo mpaka leo:

Mama yangu anauza, dagaa pale Mwaloni,
Anatoka bado giza, beseni liko kichwani,
Jua linapochomoza, tayari yuko mezani,
Nikisoma napunguza, mzigo wake kichwani.

Hesabuni wenyewe, na ile "m" ya mzigo msiisahau, inasimama mizani yake peke yake. Nikamwambia mwanangu hongera, umetunga, ila neno kichwani limerudi mara mbili, wataalamu wataliona hilo ni kasoro, tafuta jingine. Alikaa na daftari mpaka wenzake wote wametoka. Alafu akaja mezani kwangu, safari hii ameinua uso, akasema, "Mwalimu, beseni ni lilelile."

Nikaliacha.