Umeme wa taka, na maji utatoa wapi?

Haya jamani, habari za asubuhi, mama zangu wa kule nyuma mnanisikia? Basi naanza manake hili joto la Mtwara mnalijua wenyewe. Umeme wa taka kila ninapouongelea naulizwa moshi utaenda wapi. Swali zuri, ila kuna la pili haliulizwi kabisa: maji yatatoka wapi?

Mtambo wa kuchoma taka unazungushwa na mvuke. Taka zinaungua, boila (lile pipa la kuchemshia maji) inachemka, mvuke unazungusha tabaini, yaani gurudumu linaloendesha jenereta, halafu lazima upozwe ugeuke maji urudi tena kwenye boila. Maji ya boila yenyewe si mengi, yanazunguka tu, ingawa yanatakiwa yatolewe chumvi yote la sivyo mabomba yanaota ukoko kwa ndani. Kinachokula maji ni kupoza. Mitambo hii inageuza kama asilimia 20 hadi 25 tu ya joto kuwa umeme, lililobaki sehemu kubwa ni la kutupa, na ukilitupa kwa mnara wa kupoza, ule ambao maji yanapaa kama mvuke hewani, unapoteza maji kama mita za ujazo 3 kila saa kwa kila megawati. Pigeni hesabu, megawati 1 usiku na mchana ni lita 72,000, yaani ndoo 3,600 zile za lita 20! Nenda kawaambie hivyo watu wa Newala ambao maji wameyahangaikia miaka yote, uone watakavyokutazama.

Kuna wanaopoza kwa mafeni makubwa, maji yanapungua sana, lakini feni zinakula umeme na siku ya joto kali mtambo unazalisha kidogo. Wengine watasema bahari si hii hapa. Sawa, ila maji chumvi yanakula chuma, na ukirudisha maji ya moto baharini kawaeleze wavuvi wa Msimbati kwanza.

Halafu tuambiane ukweli, ule mtambo wa Reppie kule Addis Ababa uliofunguliwa 2018 ulijengwa kuchoma tani kama 1,400 za taka kwa siku. Manispaa yetu ya watu laki moja na ushee tutazitoa wapi? Na hizo tulizonazo ni maganda ya ndizi, mabaki ya samaki, mboga zilizooza sokoni, zimeloa, moto unahangaika kuzikausha kwanza.

Kwa hiyo mimi nasema maji tunayoyatafuta yamo humohumo kwenye taka, tuchague teknolojia inayoyataka. Bayogesi, ile gesi inayotoka bakteria wanapoozesha taka ndani ya tangi lililofungwa. Kinyesi cha ng'ombe mnachanganya na maji nusu kwa nusu, ila mabibo, haya yanayooza chini ya mikorosho kila msimu (yaliyobaki baada ya uraka, ile pombe yake, msinicheke), zaidi ya asilimia 80 ni maji tayari. Unayasaga unayaingiza tangini. Shida yao ni uchachu, ukijaza mengi kwa mpigo bakteria wanadumaa gesi inakata, sasa weka kidogokidogo, changanya na kinyesi, na lile tope likitoka uchuje, maji yake yarudi kuchanganyia mzigo mpya. Usirudishe yote lakini, chumvi na amonia zitajaa, mengine peleka shambani.

Kijana ameuliza maganda ya korosho. Hayo ni makavu, yachomwe, ila yana mafuta yanayobabua ngozi na moshi wake unawasha, kwa hiyo yakamuliwe mafuta kwanza, na jiko lake lisiwe karibu na nyumba za watu.