Jinsi ya Kumpendekeza Mtu Apewe Shahada ya Heshima

Hamjambo watazamaji, na karibuni. Kila msimu wa mahafali hapa Kisumu watu huuliza: yule anayevishwa joho la udaktari na hakukaa darasani, nani alimchagua? Mara nyingi kuna mtu aliyejaza fomu, akaambatisha karatasi zake, akapeleka. Leo mtu huyo ni wewe.

Tuanze na chuo. Usitume jina Maseno kwa sababu tu ni karibu na kwenu. Tafuta chuo ambacho kazi yake inakutana na kazi ya mtu wako. Egerton pale Njoro ilianza 1939 ikiwa shule ya kilimo, kwa hiyo mkulima atasikizwa vizuri huko. Aliyejitolea kuokoa watu wakati wa mafuriko ya Budalang'i, mfikirie Masinde Muliro, Kakamega, ambako somo la kukabiliana na majanga hufundishwa.

Kisha ingia kwenye tovuti ya chuo au nenda ofisi ya msajili, uulize masharti. Yanatofautiana, lakini vyuo vingi havikubali ujipendekeze mwenyewe, na vingi huwaepuka wanasiasa walio madarakani. Uliza pia siku ya mwisho ya kupokea fomu. Ikikupita, ni mpaka mwaka ujao.

Sasa maelezo yenyewe. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo. Tuseme unampendekeza mzee wa Nyakach anayeziba makorongo ya mmomonyoko. Ukiandika "ni mtu mwenye bidii, mnyenyekevu, kielelezo kwa jamii", umeandika hotuba ya mazishi. Kamati ya chuo inasoma majina mengi na yote ni ya wanyenyekevu. Andika alichofanya: alianza mwaka gani, alipanda makonge wapi, vizuizi vya mawe vilijengwa na nani, mashamba ya nani yanalimwa tena leo. Kisha eleza kwa nini jambo hilo ni kubwa kuliko wajibu wa kawaida wa jirani mwema.

Mkumbuke mwalimu Peter Tabichi, aliyekuwa akifundisha Keriko, kaunti ya Nakuru. Mwaka 2019 alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani kule Dubai, dola milioni 1. Habari iliyozunguka kila mahali ni kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Tafuta jambo la namna hiyo kwa mtu wako na uliweke katika aya ya kwanza, si ya sita.

Ambatisha ushahidi. Picha za kabla na baada, kitabu cha kumbukumbu za kikundi, makala ya gazeti kama ipo. Barua za kumuunga mkono ziwe za watu walioiona kazi kwa macho yao: afisa wa kilimo, chifu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Barua ya mheshimiwa asiyemjua mzee huyo haisaidii kitu, hata ikiwa na muhuri mkubwa. Na kila anayeandika aseme jambo lake. Barua tatu zenye sentensi zilezile zinaonyesha wazi kwamba mwandishi ni mmoja.

Usimwambie mzee wako. Vyuo vingi huomba pendekezo liwe siri, na hata pasipo sharti hilo, jina likikataliwa mtakuwa mmemwaibisha bure kijijini.

Peleka fomu kwa anwani waliyotoa, ubaki na nakala. Kutoka hapo kamati hulichambua jina, Seneti ya chuo hulijadili, na Baraza la Chuo hushirikishwa kabla ya siku ya mahafali. Si kazi ya wiki moja.

Onyo moja. Mkipigiwa simu kuambiwa mzee amepata udaktari ila alipe "ada ya joho" na aende hotelini Jumamosi kuupokea, kateni simu. Chuo cha kweli hakiuzi heshima. Mkiwa na shaka, angalieni kama chuo hicho kimo kwenye orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu; iko wazi kwa kila mtu.

Na msipojibiwa mwaka huu, itoeni ile nakala, ongezeni aliyoyafanya tangu hapo, mtume tena. Kama umekwama kwenye sehemu yoyote ya fomu, niandikie chini ya video hii.