Bia yako ya nyumbani haina gesi? Usikimbilie kuongeza sukari

Haya watu wangu, karibuni. Leo narekodi hii kwa sababu kwa komenti swali ni lile lile kila wiki: nimeweka bia kwa chupa, nafungua hata haifanyi tsss, niongeze sukari? Usiongeze. Tafadhali.

Na kabla mtu hajaandika eti naringa na Marekani ama nalialia kila video, siringi na silii. Napika bia yangu kwa sababu hapa Minnesota katoni ya bia nzuri ni pesa ya maana, na mwaka huu karatasi zimenimaliza. Nimetuma fomu za kibali cha kazi na ada juu, bahasha nzima ikarudishwa eti ukurasa mmoja ni wa toleo la zamani, naanza upya, huku kazini wameshanitoa kwa ratiba mpaka kadi mpya ifike, na simu za nyumbani haziishi, wewe si uko na dola. Wacha tu.

Kisheria niko sawa, huku tangu 1979 mtu mzima anaruhusiwa galoni 100 kwa mwaka bila ushuru, za kunywa sio za kuuza. Kenya ni sheria nyingine, msiseme ni mimi nimewatuma.

Sasa gesi. Busaa mnaijua, inanywewa ikiwa bado inachacha. Hii ya chupa gesi inatoka hamira ikila ile sukari uliyotia wakati wa kufunga, ndani ya chupa iliyozibwa, na wengi mnaoniuliza mko nchi za baridi na chupa mmezipanga besimenti kwa sakafu. Hamira ikipigwa na baridi inalala, sukari inabaki palepale. Zipandishe mahali pana nyuzi 20 mpaka 24, pindua kila chupa polepole mpaka yale machicha meupe ya chini yainuke, zikae wiki mbili, halafu chukua moja tu, ilaze friji siku nzima ndio ufungue. Ukiongeza sukari na ile ya kwanza bado haijaliwa, siku joto likipanda zinaliwa zote pamoja na chupa inapasuka, vigae vinaruka mpaka ukutani, na kuna watoto kwa nyumba.

Kama moja ina gesi na jirani yake haina, hapo sio baridi. Shika kizibo ukizungushe na vidole, kikizunguka hakijakaza. Ama sukari haikuchanganyika. Mimi napima kwa mizani, gramu 120 kwa lita 19, nachemsha na maji kidogo, namwaga chini ya ndoo safi, bia inaingia juu yake kwa mpira, taratibu.

Wale wa povu kuruka mpaka dari, mlifunga mapema mno, kabla bia haijamaliza kuchacha. Haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki, isome namba ile ile siku tatu mfululizo ndio uweke kwa chupa. Zilizojaa gesi kupita kiasi usizitingishe, vaa glavu na miwani, zitie friji, zikishapoa funika na taulo, inua kizibo kidogo gesi ipungue, piga kizibo kipya.

Hii ni njia yangu, na bia yangu ni nyepesi, ile kali inaweza kukaa miezi kabla ishike gesi. Kwa hivyo ukiniandikia, anza na joto la chumba na gramu za sukari, bila hizo mbili siwezi kukusaidia.