Honi, Kengele na Taa: Treni Inatuambia Nini?

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Kabla sijasema lolote, tusikilize kwanza rekodi hii.

(Honi inalia: ndefu, ndefu, fupi, ndefu.)

Nani kasikia mlio mmoja? Na nani kasikia milio mingi kwa pamoja? Mko sawa nyote wa kundi la pili. Hiyo ni honi ya treni ya abiria ya Amtrak, Marekani, aina inayoitwa K5LA. Ni tarumbeta tano zilizofungwa pamoja juu ya kichwa cha treni. Ndani ya kila tarumbeta kuna kibati chembamba cha duara. Dereva anapofungulia upepo, kibati kinasukumwa, kinaachia, kinarudi, kwenye tarumbeta ndefu kuliko zote mara 311 hivi kwa sekunde, kwenye ile fupi kuliko zote mara 622. Zote tano zikilia pamoja, sauti inatoka kama kwaya ndogo.

Kwa nini tano, na moja ingetosha kupiga kelele? Zamani injini za mvuke zilikuwa na filimbi, na kila mtu aliijua. Zilipokuja injini za dizeli, zikaja na honi ya mlio mmoja, mlio ule ule wa lori. Sasa fikirieni: mtu anaendesha gari, anasikia lori. Ataangalia nyuma, ataangalia pembeni mwa barabara. Reli haitamjia akilini. Mhandisi mmoja wa Kanada, Robert Swanson, alilishughulikia jambo hili mpaka mwaka 1949 akapata honi ya milio mingi iliyorudisha hisia ya ile filimbi ya mvuke. Waingereza walipita njia nyingine: honi zao zina milio miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Kila nchi ina namna yake, lakini swali ni lile lile, mtu ajue papo hapo kwamba hii ni treni na si kitu kingine.

Kanuni za Marekani zinataka honi ianze kulia sekunde 15 hadi 20 kabla ya treni kufika inapokatana na barabara, na mlio wa mwisho uendelee mpaka injini iingie barabarani. Nguvu yake ni kati ya desibeli 96 na 110, ikipimwa mita 30 hivi mbele ya injini. Kengele ni mpole zaidi. Hiyo ni ya stesheni, treni inapoingia au kuondoka taratibu kando ya watu.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kuna imani inayonitia hofu. Watu wengi wanaamini wakisikia honi wanaweza kukadiria treni iko mbali kiasi gani. Hapana. Mwaka 1845, mwanasayansi wa Uholanzi, Buys Ballot, alipandisha wapiga tarumbeta kwenye treni na kuweka wanamuziki kando ya reli wasikilize. Noti iliyopigwa ilikuwa moja, lakini waliosimama chini waliisikia juu kidogo treni ilipokuwa inakuja, na chini kidogo ilipokuwa inakwenda. Zingatieni mabadiliko yanatokea lini: wakati inakupita. Kwa mtu aliye karibu kabisa na reli, mlio hauchezi treni inapomjia; unashuka ghafla ikiwa imeshamfikia. Kwa hiyo honi inakuambia treni ipo. Iko wapi na inakuja kwa kasi gani, hiyo ni kazi ya taa.

Na jicho nalo hudanganywa. Ndege kubwa inapotua huonekana kama inaelea tu, na ndogo huonekana inakimbia, hata kama ile kubwa ndiyo yenye kasi. Treni ni hivyo hivyo: ukubwa wake unaifanya ionekane inajikokota.

Naomba tuzime taa za ukumbi. Mwenzangu kule nyuma ana tochi moja, na anakuja kwetu. Mnaona anakaribia? Mnaona nukta ya mwanga, basi. Sasa wawe watatu: tochi moja juu katikati, mbili chini pembeni. Njooni. Mnaona pembetatu inavyofunguka? Kila hatua, tochi zile mbili za chini zinazidi kuachana. Sasa jicho lina kitu cha kupimia.

Washeni taa, asanteni. Taa za mbele za treni zimepangwa hivyo hivyo, na zile mbili za chini zilianzia Kanada, milimani, ambako madereva walihitaji kumulika mitaro ya kando ya reli waone mawe yaliyoporomoka. Baadaye ikaeleweka kwamba zinamsaidia pia mtu wa barabarani kuiona treni. Marekani ilizifanya lazima kuanzia tarehe 31 Desemba 1997 kwa injini zinazokatiza barabara kwa zaidi ya kilomita 32 kwa saa. Kwenye injini nyingi hupokezana kuwaka honi inapolia, huku, kule, huku, kule, na hapo hata jicho lililokuwa linaangalia kwingine hugeuka.

Nimalizie kwa dereva mwenyewe, maana naye anahitaji kuonywa. Oktoba 1952, kituo cha Harrow and Wealdstone, Uingereza, treni ilipita ishara ya tahadhari kisha za hatari, na watu 112 wakafa. Ajali hiyo iliharakisha mtambo ambao madereva wa huko bado wanao. Mita 180 hivi kabla ya ishara kuna sumaku katikati ya reli. Ishara ikiwa ya kijani, kengele inalia ndani ya kabini. Ikiwa ya tahadhari, inalia honi, na dereva ana kama sekunde mbili za kubonyeza kitufe. Asipobonyeza, breki zinajifunga zenyewe.

Lakini mkono uliozoea hubonyeza hata akili ikiwa kwingine. Kwa hiyo akishabonyeza, kidude cha duara mbele yake kilichokuwa cheusi kinageuka miale ya njano na nyeusi. Madereva wanakiita alizeti. Honi imeshanyamaza, mkono umeshaondoka kwenye kitufe, na alizeti inabaki imechanua pale pale mpaka sumaku inayofuata.